Karatasi Haina Mkwe

Wagonjwa walimwita Mama wa Kipimo, nasi tuliofanya naye kazi tukafuata. Kwa miaka kumi na minne sikusikia mtu akimwita kwa jina lake, isipokuwa labda wakaguzi walipokuja na orodha zao. Alikuwa na chumba kimoja mwisho wa korido, katika hospitali ndogo hapa Tukuyu ambayo sina haja ya kuitaja. Ndani mlikuwa na kitanda, pazia, saa ya ukutani na mashine ya kupima umeme wa moyo. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya jirani. Ninamwandika kwa sababu ya asubuhi moja aliyoletwa baba mkwe wake akiumwa kifua, wakati hospitali nzima aliyeijua mashine ile sawasawa alikuwa yeye peke yake. Asubuhi hiyo nitaifikia. Kwanza mtu mwenyewe.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alitembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kazi yake ilikuwa kuwalaza watu na kuwatuliza, lakini yeye sikuwahi kumwona ametulia. Ndizi alikula amesimama, chai alikunywa akitembea, na hata kanisani, nilivyosimuliwa na wenzake wa kwaya, alipiga makofi kabla ya mdundo. Mimi ni mtoto wa Kiislamu, baba yangu aliuza vitambaa hapa mjini, kwa hiyo kwaya yake sikuisikia. Lakini niliamini. Mtu aliyeshinda kutwa akisoma mapigo ya wenzake, ya kwake yalimshinda kuyafuata.

Aliniita "mtoto wa dukani" mpaka nilipokuwa na watoto wangu watatu.

Adui yake mkubwa alikuwa baridi. Hapa kwetu ukungu huingia ndani ya nyumba kama mtu wa familia, na mgonjwa akivuliwa shati mwezi wa sita anatetemeka. Mashine haijui tofauti kati ya moyo na msuli unaotetemeka. Vyote ni umeme, vyote inavichora. Mkanda wa karatasi wa mtu mwenye baridi hutoka umejaa michirizi midogomidogo, na moyo wenyewe umepotea humo ndani. Kwa hiyo kila asubuhi alichemsha maji, akajaza chupa nne, akazifunga kwa vipande vya khanga na kumwekea mgonjwa miguuni na ubavuni. Wakubwa walimwambia chupa hizo hazimo kwenye utaratibu. Akajibu kwamba utaratibu uliandikwa na watu wa mahali penye jua.

Adui wa pili alikuwa hofu ya umeme. Wazee wa vijijini waliona zile waya kumi, wakaangalia soketi ukutani, na hesabu yao ikawa fupi. Namkumbuka mzee mmoja wa Lupepo aliyekaa kitako ghafla na kibanio kimoja mkononi.

"Mama, hii si itanichoma? Mimi bado nina kahawa ya kuvuna."

"Umeme hautoki ukutani, tata. Unatoka kwako."

"Kwangu mimi?"

"Kwako. Kila moyo ukipiga unatoa umeme kidogo sana, unafika mpaka kwenye ngozi. Hii mashine inaudaka na kuuandika, basi. Haikupi kitu."

Mzee akafikiri. "Basi mnanichukulia."

"Tunauangalia tu, halafu tunakuachia."

Akalala. Lakini alipoondoka na alama sita za duara kifuani, maana mashine yetu ya zamani ilikuwa na vipira vya kunyonya ngozi, aliwaambia watu wa nje kwamba ameumikwa kwa chuku za kizungu, kama zile za waganga za kunyonya damu chafu, na kweli anajisikia mwepesi.

Salamu zilikuwa sehemu ya kipimo. Hakumgusa mtu kabla ya kumsalimu kwa Kinyakyusa mpaka mwisho. "Mugonile, tata." "Ndaga." Kisha watoto, kisha migomba, kisha mvua. Madaktari vijana waliona anapoteza muda. Mimi pia niliona hivyo, mwanzoni. Yeye alisema mtu ambaye salamu yake imekatwa katikati, moyo wake unabaki mlangoni unasubiri kumaliziwa. Salamu zikiisha, alinyoosha kidole kuelekea kwenye saa, na hapo ulimi wa kila mtu ulikuwa marufuku kwa dakika kumi. Asiseme, asikohoe akiweza, asikunje vidole vya miguu. Wakulima wengi waliona aibu kulala chali saa nne asubuhi huku jua limetoka. "Nalala mchana, mimi mvivu?" aliuliza mama mmoja. Aliambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya siku ile, na akiifanya vibaya atairudia.

Mimi alinifundisha kidogokidogo, zamu zangu zilipokuwa nyepesi, bila kuombwa na mtu. Nilipomuuliza kwa nini waya ziwe kumi wakati moyo ni mmoja, alinipeleka dirishani. Siku hiyo mlima Rungwe ulikuwa umefunguka, jambo la bahati.

"Mtu wa Suma akiuchora ule mlima, na mtu wa Nkunga akauchora, picha zitafanana?"

"Hapana."

"Milima ni mingapi?"

"Ni mmoja."

"Basi. Hizi waya ni watu wa vijiji mbalimbali. Kila mmoja anachora anachokiona akiwa kwao. Ukimhamisha mtu kijiji, mlima nao utabadilika, na daktari atautibu mlima ambao haupo."

Ndiyo maana alikuwa mkali kuhusu mbavu. Unaanza kwenye kishimo cha koo, unateremka na kidole mpaka ukute kinundu kwenye mfupa wa kifua, hapo ndipo penye ubavu wa pili, na kutoka hapo unahesabu mpaka nafasi ya nne. "Mbavu haziangaliwi, zinahesabiwa," alisema. Kwa macho kila mtu anajiona anajua. Aliwahi kunipiga kofi la mkono kwa sababu nilikisia, na nilikuwa nina miaka thelathini na moja.

Sifa yake ilitoka nje ya wilaya. Madaktari waliohamia walishangaa kwamba kabla hawajafungua midomo alikuwa ameshawaambia, kwa adabu, watazame tena sehemu fulani ya mkanda. Lakini kwa mgonjwa hakufungua mdomo hata kidogo. "Mimi naandika. Anayesoma ni daktari." Watu walimletea maparachichi wakiomba majibu yawe mazuri, alikula maparachichi, na majibu yakabaki yalivyo. Mwenyekiti wa kijiji fulani alimkumbusha kwamba wao ni ndugu wa ukweni. Hapo ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza ule usemi wake, ambao baadaye korido nzima iliurithi: karatasi haina mkwe.

Sasa hapo kwenye ukwe pana jambo la kueleza, kwa msomaji asiyetoka huku. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Mwanamke akimwona mzee anakuja, anaacha njia na kugeuka, na jina lake halitaji hadi kufa. Ndiyo heshima yenyewe. Mjini siku hizi wengi wameacha, wanakaa sebuleni wote wanatazama taarifa ya habari. Vijijini bado zipo nyumba zinazoushika mwiko huo, na mwanamke anayeuvunja huhesabiwa kuwa amemvua nguo mzee wa watu na anautafutia ukoo mabaya.

Mama wa Kipimo tulimjua kuwa ni mtu wa kudharau mambo hayo. Mwaka mmoja aliletwa mzee kutoka Suma, na aliyemleta alikuwa mkaza mwana wake, mumewe akiwa safarini. Binti yule alisimama nje kwenye mvua, mgongo ameupa dirisha, wakati mzee anahitaji mtu wa kumshika asianguke. Mama wa Kipimo alitoka akamvuta mkono.

"Ingia, juba, ingia mama. Humu ndani hakuna mkwe, mna mbavu tu."

"Siwezi, mama."

"Akianguka utaweza?"

Binti aliingia analia. Jioni Mama wa Kipimo alituigizia jinsi alivyokuwa akitembea kinyumenyume, na tulicheka, Mungu atusamehe. Kwa hiyo nilidhani namjua.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mvua nyembamba. Gari lilimleta mzee amefunikwa blanketi la kijivu, anahema kwa shida, mkono umekandamiza kifua. Aliyemleta ni jirani. Daktari wa zamu, kijana aliyetoka mbali na asiyejua habari za nani ni nani, aliandika kipimo cha moyo haraka, na kitanda kikasukumwa hadi mwisho wa korido. Mlango ulifunguliwa. Mama wa Kipimo alikuwa anajaza chupa zake. Aligeuka, akaliona lile blanketi kama kitu anachokijua, akageukia ukuta.

Nilidhani ameungua na maji. Nikamwita. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ni baba. Baba wa mume wangu. Funga pazia."

"Mama, ni wewe tu..."

"Funga pazia. Wewe utaweka. Mimi nitakuambia."

Nikafunga. Yeye akabaki upande wa mashine, mgongo kwetu. Waya zikapita chini ya pazia. Niseme ukweli kwamba nilimkasirikia. Mtu aliyemvuta binti wa watu kwenye mvua, leo la kwake limefika na ameficha uso! Lakini hapakuwa na nafasi ya hasira. Mzee alikuwa anatoka jasho lenye baridi, na kama moyo wake ulikuwa unakosa damu, kila dakika iliyopita ilikuwa inakula sehemu ya msuli wake.

Nilimsalimu, kwa kifupi, kwa sababu pumzi ya salamu hakuwa nayo. Nikamwekea chupa za moto, kisha vibanio vinne vya mikono na miguu. Nilipofika kifuani, mzee alilishika blanketi kwa mikono miwili. Alijua nani yuko nyuma ya pazia. Alikuwa ameisikia sauti. Aliniangalia kama mtu anayeomba. Nikalishusha kidogo, naye akalizuia kwenye usawa wa chuchu, na mimi, mtoto wa dukani niliyefundishwa kwa kofi la mkono, nikamwonea haya. Sikuhesabu mbavu. Nilivibandika vipira sita juu ya upindo wa blanketi, palipobaki ngozi, nikajiambia ni karibu tu.

"Umehesabu?" aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Nimehesabu."

Mashine ikalia. Karatasi ikatoka. Daktari aliingia, akaipokea, akaisoma mara mbili. Akasema haoni jambo kubwa, labda ni tumbo, apewe dawa ya kupunguza gesi alale nyumbani, kesho arudi. Alikuwa hajafika mlangoni niliposikia sauti ya Mama wa Kipimo.

"Daktari, usiondoke. Vipira vimekaa juu. Nafasi mbili juu."

Nilisimama na jeli mkononi, masikio yanawaka.

"Umejuaje?" daktari aliuliza.

"Karatasi inasema. Mtoto wa dukani, ondoa blanketi lote. Lote. Hesabu kwa kidole, nikusikie."

Nikaondoa blanketi. Cha ajabu, safari hii mzee hakulishika. Mikono yake ilikuwa imelala ubavuni na macho ameyafumba. Nilihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule: moja, mbili, tatu, nne. Karatasi ya pili ilitoka safi, bila mtetemeko, na pale ambapo mstari ulipaswa kurudi chini baada ya kila pigo, ulikuwa umebaki juu, umejikunja kama mgongo wa paka. Hata mimi niliuona. Sehemu ya mbele ya moyo ilikuwa inakosa damu. Daktari hakusema tena habari za tumbo. Mzee alipewa dawa pale pale, gari likaitwa, na kabla ya saa moja kupita alikuwa njiani kwenda Mbeya. Nilipomfunika kwenye gari niliona safu mbili za duara kifuani mwake, ya juu na ya chini. Ya juu ilikuwa ushahidi wa kosa langu. Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

Alipona. Aliishi miaka mitano zaidi, akalima, akagombana na majirani kuhusu mipaka, akafanya yote ambayo watu waliopona hufanya.

Na hadithi ikazaliwa: mkaza mwana aliyemwokoa baba mkwe bila kumtazama. Ilianzia Mbeya, ikateremka na mabasi, ikafika sokoni kwetu kabla mgonjwa mwenyewe hajaruhusiwa. Watu walipenda kila kipande chake: pazia, mgongo, karatasi iliyosema. Wapo wanawake waliowaambia mabinti zao, umeona, elimu haikumwondolea adabu. Yule daktari kijana aliniambia kando kwamba yeye bado haelewi. Kwamba kwenye karatasi ile unaweza kuhisi kuna kitu, lakini kutamka nafasi mbili, juu, kwa uhakika ule, haiwezekani. Nilimwambia huyu mama ana miaka mingi kwenye kazi. Kuhusu blanketi sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Niliona kheri ibaki sifa ya mwenzangu kuliko iwe aibu yangu.

Mzee alipofariki, nilikwenda msibani Nkunga. Msemaji wa ukoo alisimama akahesabu mema ya marehemu, kisha akamgeukia Mama wa Kipimo, aliyekaa chini na wanawake, akasema ukoo unamshukuru kwa kuwa alimpa mzee uhai na heshima kwa pamoja, maana hakumwona hata siku moja, hata siku ile aliyokaribia kufa. Watu wakaitikia. Yeye aliinamisha kichwa mpaka paji likakaribia magoti. Mimi nikaona ni unyenyekevu.

Akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, kama vile ile ya chumbani hakuitazama vya kutosha. Chumba chake kikawa changu, na mashine mpya isiyo na vipira, ya kubandika vibandiko. Chupa za maji ya moto nilizibakisha.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mlango uligongwa na aliyeingia ni yeye, amevaa sweta mbili, anapumua mdomo wazi kwa kuzipanda ngazi tatu. Karatasi ya daktari ilikuwa mkononi. Miaka yote tuliyokuwa pamoja alikataa kupimwa. Alisema fundi cherehani huvaa vilivyochanika. Tukasalimiana mpaka mwisho, watoto, migomba, mvua. Nikamlaza. Nikamwekea chupa miguuni. Alilivuta blanketi kifuani, akalishika kwa mikono miwili, na mimi, bila kusema neno, nikaitoa hiyo mikono taratibu na kulishusha lote mpaka kiunoni. Nikaanza kuhesabu kwa kidole.

"Sasa umejifunza," alisema.

Kidole changu kikasimama kwenye ubavu wa tatu. "Kwa hiyo ulijua ni blanketi."

"Nilijua."

"Karatasi ilikuambia mpaka habari za blanketi?"

Alicheka kidogo, akakohoa. "Karatasi ilikuwa nzuri, mwanangu. Nzuri kabisa. Lakini masikio yangu yalikuwa yanamsikia anavyohema, na yule hakuwa mtu wa gesi. Karatasi na pumzi haviwezi kugombana hivyo. Kimoja kinadanganya."

"Ukafanyaje?"

"Nikafunua pazia."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimtazama, naye akatazama saa.

"Wewe ulikuwa umemgeukia daktari. Nilifunua kwa kidole, hivi. Nikaona blanketi, nikaona vipira vyako viko huko juu kama kuku juu ya kichanja. Na yeye macho yalikuwa wazi. Akaniona."

"Akasemaje?"

"Alinitazama. Miaka ishirini na sita nilikuwa nimeolewa kwake, ndiyo siku ya kwanza nauona uso wake. Unafanana na wa mume wangu, sikujua. Halafu akafumba macho, akaachia blanketi."

Niliikumbuka ile mikono ubavuni, na ule mkanda wa pili usiotetemeka, ambao miaka yote sifa yake nilizipa chupa za maji ya moto. Nikakumbuka pia kichwa kilichoinama msibani. Nikataka kumwambia kwamba hakukosa, kwamba ukoo wote ungempigia magoti, lakini yeye hayo alikuwa ameyajua kabla yangu na hayakumsaidia. Jambo moja tu lilinisumbua.

"Mama, ile hadithi kwamba hukumtazama. Mimi sikuisema, daktari hakujua mila zenu, na wewe huwezi kuwa ndiye. Nani aliianzisha?"

"Aliianzisha yeye," alisema. "Kule Mbeya, alipopata tu pumzi. Alimsimulia kila aliyekuja kumwona."

Machozi yalimteremka kuelekea masikioni, kama yanavyomteremka mtu aliyelala chali. Niliyafuta kwa ncha ya khanga, nikamalizia mbavu zangu, nikanyoosha kidole kuelekea kwenye saa. Akanyamaza. Tulikaa dakika kumi kamili, mimi na yeye, kisha nikabonyeza.